Maisha ya Bibi Grace Hopper, Aliyeifunza Mashine Kusoma

Muhula huu nimeona vema niwasimulieni maisha ya Bibi Grace Hopper wa Marekani. Huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ingawa kila atumiaye kompyuta hula matunda ya kazi yake. Lakini kwanza nitaeleza kisa kilichonifanya nimtafute bibi huyu, maana bila kisa hicho hata mimi nisingalimjua.

Katika chama chetu cha kompyuta mwalimu alitupa zoezi. Tuliambiwa tuandike programu kwa lugha ya C, ijumlishe kilo za korosho za vijiji viwili. Kwetu ni Nanganga, penye njia panda ya kwenda Ruangwa, katika barabara ya Masasi, na mzani wa korosho nimeufahamu tangu utotoni. Kwa hiyo zoezi lile nilililipenda. Kijiji cha kwanza kilikuwa na kilo 18,500 na cha pili kilo 21,500. Hata mtoto wa darasa la nne ajua kwamba jumla ni kilo 40,000.

Basi chumba chetu kina mashine za namna mbili. Baadhi zina kompaila mpya, na nyingine, ambazo ni kuukuu, zina kompaila ya zamani. Tuliandika programu ile ile katika zote, herufi kwa herufi. Mashine mpya ilijibu 40,000. Mashine ya zamani ilijibu hasi 25,536, yaani korosho za vijiji viwili zimegeuka kuwa deni! Wala haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Mwenzetu aliyekaa mbele ya mashine ile alichekwa sana, tukamwambia kwamba hajui kunakili. Nasikitika kusema kwamba mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji. Jioni ile bwenini alisema kwamba hatarudi tena chamani.

Siku ya pili mwalimu hakutuonyesha kosa lilipo. Aliandika ubaoni jina la Grace Hopper, akatuambia kwamba atakayeyajua maisha ya bibi huyo atajua pia mahali pa kulitafuta kosa. Ndipo nilipoanza kusoma habari zake.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kompaila ni kitu gani. Kompyuta haijui Kiswahili, wala Kiingereza, wala lugha ya C. Yajua alama mbili tu, sifuri na moja. Kompaila ni programu iliyo kama mkalimani wa barazani: huyachukua maneno aliyoandika mtu, huyageuza kuwa alama za mashine, kisha mashine hutenda. Mkalimani akiwa mzuri, hukwambia pale usemi wako usipoeleweka. Akiwa mbaya, hunyamaza, au hukutajia kosa lisilo lako. Bibi Hopper ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kutengeneza mkalimani wa namna hii.

Grace Brewster Murray alizaliwa katika mji wa New York tarehe 9 Desemba 1906, naye alikuwa kifungua mimba katika watoto watatu. Tangu utoto alikuwa mdadisi. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi, basi akaifungua moja. Vipande vikamwagika, naye akashindwa kuvirudisha. Akafungua ya pili ili aone jinsi vinavyokaa, akashindwa tena, na hivyo hivyo mpaka saa saba za nyumba ile zikawa vipande. Mama yake hakumpiga. Alimwambia kwamba tangu siku ile ataruhusiwa kuchezea saa moja tu.

Mama yake alipenda hesabu, na baba yake, aliyekuwa katika kazi ya bima, alitaka binti zake wapate elimu sawa na mtoto wake wa kiume. Lakini msidhani kwamba Grace alifaulu katika kila jambo. Alipokuwa na miaka 16 aliomba kuingia Chuo cha Vassar, akakataliwa kwa sababu alishindwa mtihani wa Kilatini. Hakukata tamaa. Alirudi kusoma, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alipokewa. Mimi nina umri huo huo, na habari hii ilinipa moyo, maana mitihani ya kidato cha nne inatukaribia.

Mwaka 1928 alihitimu katika hesabu na fizikia. Mwaka 1930 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka huo huo aliolewa na Bwana Vincent Hopper. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945, lakini aliendelea kulitumia jina la Hopper hata kufa kwake. Mwaka 1931 alianza kufundisha hesabu Vassar, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa hesabu. Angaliweza kuridhika na kazi ile ya heshima mpaka uzee wake.

Vita Kuu ya Pili vilipoiingia Marekani alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alikataliwa mwanzoni, kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa na uzito wake haukufikia kipimo. Aliomba mara kwa mara, na mwezi wa Desemba 1943 akakubaliwa. Mwaka 1944 alipata uofisa akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Hiyo ilikuwa kompyuta ya urefu wa mita 15 hivi, na uzito wake tani 5 hivi. Ilipiga kelele kwa magurudumu na swichi zake, na ilisoma amri zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Mkubwa wake, Bwana Howard Aiken, alimwamuru aandike kitabu cha kueleza mashine ile na matumizi yake. Hakuna kitabu cha namna ile kilichokuwapo kabla yake ambacho angaliweza kukifuata. Kila siku aliandika, na jioni alimsomea Bwana Aiken kurasa alizoandika. Kitabu kilitolewa mwaka 1946, kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Nawaombeni mkumbuke jambo hili: kabla hajatengeneza kompaila yoyote, bibi huyu alikuwa mwandishi wa kitabu cha maelezo. Alijua kwamba mashine isiyo na maelezo ni kama dawa isiyo na karatasi yake: dawa ipo, lakini mgonjwa hajui anywe vijiko vingapi.

Kisa kinachojulikana zaidi katika maisha yake kilitukia tarehe 9 Septemba 1947. Wakati huo walikuwa na mashine ya pili, Mark II. Mashine ilikosea, nao wakaikagua kipande kwa kipande. Ndani ya swichi moja walimkuta nondo, yule mdudu wa usiku afananaye na kipepeo, amebanwa akafa. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari ya kazi, na kando yake wakaandika kwamba wamempata mdudu halisi. Daftari hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Marekani, na nondo yumo.

Watu wengi husema kwamba Bibi Hopper ndiye aliyemkuta nondo huyo, na kwamba neno mdudu, kwa maana ya kosa la mashine, lilianzia hapo. Yote mawili si kweli. Wenzake ndio waliomkuta, na mafundi wa Marekani walikuwa wakiliita kosa la mashine mdudu tangu karne ya 19. Ndiyo sababu waandishi wa daftari walicheka, kwamba safari hii mdudu ni mdudu kweli. Bibi Hopper alikipenda tu kisa hiki, akakisimulia mahali pengi. Nami naona fundisho lake si mdudu, bali ni daftari. Watu wale hawakulitupa kosa na kulisahau. Waliliandika, wakatia saa na tarehe, ili mwingine ajue.

Mwaka 1949 alihamia katika kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Hapo kwanza alifanya kazi na mashine iliyohesabu kwa nane nane badala ya kumi kumi. Alizoea hesabu hiyo hata daftari yake ya benki ikamharibikia kwa miezi mitatu. Ndugu yake, aliyekuwa mtu wa benki, alipoikagua aligundua kwamba mara nyingine dada yake alitoa fedha kwa hesabu ya nane. Bibi Hopper alicheka, lakini alifikiri sana. Kwa nini mtu alazimike kujifunza lugha ya mashine mpaka aisahau ya kwake? Afadhali mashine ifundishwe lugha ya mtu.

Tena aliona jambo jingine. Watengenezaji wa programu walikuwa wakiazimana vipande vya programu katika madaftari yao na kuvinakili kwa mkono. Kila mara walikosea kunakili, au walikosea kujumlisha namba za mahali pa kuviweka. Akasema moyoni: kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo mashine huziweza kuliko mtu, basi na ifanye yenyewe. Ndipo alipotengeneza kompaila yake ya kwanza, iliyoitwa A-0, akaieleza mbele ya wataalamu mwaka 1952. Haikuwa kama kompaila za leo, kwa maana kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya vipande na kuviunga. Hata hivyo wengi hawakumwamini. Walisema kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Alipotoa A-2, wateja walipewa pamoja na maandishi yake ya ndani, na wakaombwa warudishe masahihisho yao. Hivyo kosa likawa shauri la watu wengi, si aibu ya mtu mmoja.

Baadaye aliendelea mbele zaidi, akataka mashine isome maneno ya kawaida ya Kiingereza. Kutoka hapo ikatokea lugha ya FLOW-MATIC, iliyowafaa watu wa biashara. Alipokuwa akiwaonyesha wakubwa wake jambo hilo, alitayarisha programu ndogo kwa Kiingereza, kisha akaigeuza kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa wakashtuka. Waliona haiwezekani mashine iliyotengenezwa Pennsylvania ijue Kifaransa! Ikambidi aahidi kwamba itatumia Kiingereza peke yake. Lakini yeye alijua kwamba mashine haina kabila wala taifa. Hulinganisha alama na alama tu, na neno lolote laweza kuwekwa mahali pa lingine. Nilipofika hapa nilikiweka kitabu chini nikafikiri kidogo. Ikiwa ni hivyo, hakuna kitu ndani ya mashine kinachoizuia kompaila isitwambie makosa yetu kwa Kiswahili. Kinachopungua ni watu wa kuifanya kazi hiyo, na watu hao huenda wamo katika madarasa yetu.

Mwaka 1959 wataalamu wa serikali na makampuni walikutana ili itengenezwe lugha moja ya biashara itakayotumika katika mashine zote. Lugha hiyo ni COBOL, na sehemu yake kubwa ilifuata FLOW-MATIC. Bibi Hopper alikuwa mshauri wao. Mwezi wa Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilijaribiwa katika kompyuta za makampuni mawili tofauti, ya RCA na ya Remington Rand, ikafanya kazi katika zote mbili bila kubadilishwa sana. Wasomaji, hilo ndilo jaribio letu la korosho, ila wao walifaulu!

Lakini kufaulu mara moja si kufaulu siku zote. Kila kampuni ilianza kutengeneza kompaila yake, ikaongeza hiki na kupunguza kile, na programu iliyokwenda hapa ikakataa kule. Mwaka 1966 Bibi Hopper alistaafu jeshini kwa sababu ya umri. Mwaka 1967 jeshi lilimwita tena kwa miezi sita ili aiweke sawa COBOL ya jeshi la wanamaji, nayo miezi hiyo sita ikageuka kuwa miaka 19. Yeye na wenzake walitengeneza programu za kuzipima kompaila. Kila kompaila ilipewa mitihani ile ile, kisha majibu yake yakalinganishwa na sheria ya lugha. Kampuni haikuaminiwa kwa maneno yake ya sokoni. Iliaminiwa kwa majibu ya mtihani, kama sisi tunavyofanywa na Baraza la Mitihani.

Kazi hiyo haikuwa ya Wamarekani peke yao kwa faida yake. Miaka hiyo hiyo nchi yetu ilionja uchungu wa mashine zisizotegemeka. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za kompyuta wa Wizara ya Fedha kushindwa, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilipita miaka kadhaa kabla mlango haujafunguliwa tena. Namba isiyo sahihi ni hatari, iwe ya hazina ya taifa au ya mzani wa kijiji.

Bibi Hopper alipanda cheo hata akawa admirali, na tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, aliagwa rasmi juu ya merikebu ya kale iitwayo Constitution, mjini Boston. Hakuna ofisa mwingine aliyekuwa kazini katika jeshi la Marekani aliyemzidi umri siku ile. Hakukaa nyumbani. Aliingia katika kampuni ya kompyuta ya Digital, akasafiri na kufundisha. Alipenda kuwagawia vijana vipande vya waya vya urefu wa sentimita 30 hivi, ambao ni mwendo wa nuru kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, wapate kuona kwa macho jambo ambalo haliwezi kuonekana. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyumenyume, ili awakumbushe watu kwamba desturi si sheria. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, na kuzikwa makaburi ya Arlington kwa heshima za kijeshi. Baadaye manowari moja ilipewa jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani kuu ya raia wa Marekani.

Sasa nirudi kwenye korosho. Nilipomaliza kusoma nilimwomba mwenzetu yule turudi pamoja kwenye mashine ya zamani, tufanye kama Bibi Hopper. Tulichukua daftari, tukaandika tarehe, na kulijaribu kila jambo katika kompaila zote mbili.

Kwanza tuliondoa kwa makusudi nukta mkato mwishoni mwa mstari wa saba. Kompaila ya zamani ilisema kosa liko mstari wa nane, kwa sababu iliendelea kusoma mpaka ilipokutana na neno lisilofaa. Ile mpya ilichora mshale mdogo mahali penyewe nukta ilipotakiwa. Kisha tuliacha mabano moja bila kuyafunga, na makosa mengi yakaorodheshwa, kumbe ni kosa moja tu. Tukajifunza kusahihisha la kwanza kwanza, na kutazama mstari wa juu kabla ya kuilaumu mashine. Katika ujumbe wa makosa, kompaila mpya ilishinda.

Baadaye tulitafuta maelezo. Maelezo ya kompaila mpya yako kwenye intaneti, na siku ile intaneti haikuwapo. Lakini ile ya zamani ilikuwa na maelezo yake ndani, na kwa kubonyeza kitufe kimoja yalifunguka. Humo tuliona kwamba namba ya aina ya int katika kompaila ile haiwezi kuzidi 32,767. Ikizidi hapo huzunguka na kuangukia chini ya sifuri, kama mzani ambao mshale wake umepita mwisho ukaanzia nyuma. Chukua 40,000, utoe 65,536, utapata hasi 25,536. Katika kompaila mpya int hufika zaidi ya bilioni 2. Tena sheria ya lugha ya C inaziruhusu zote mbili! Kwa hiyo kompaila haikuwa na mdudu, na mwenzetu alikuwa amenakili sawasawa kabisa. Mdudu alikuwa katika programu yetu sote. Mahali pa int tuliandika long, na mashine zote mbili zikajibu 40,000. Katika maelezo, ya zamani ilishinda.

Mwenzetu alinitazama bila kusema neno, nami nikamwomba radhi. Muhula huu yeye ndiye mtunza daftari ya makosa ya chama chetu, na ukurasa wa kwanza wa daftari hiyo una namba hasi 25,536, pamoja na saa na tarehe.

Basi wasomaji, hayo ndiyo maisha ya Bibi Grace Hopper. Alivunja saa saba, akashindwa Kilatini, akakataliwa na jeshi, na mwishowe akaifunza mashine kusoma maneno ya watu. Mashine itakapowapa jibu la ajabu, msimcheke aliyekaa mbele yake. Ipeni mtihani ule ule mashine ya pili, someni ujumbe wake na maelezo yake, na mtakachokipata kiandikeni. Na aliye na nia ya kuifundisha kompaila Kiswahili, aje chamani siku ya Jumamosi baada ya usafi. Viti viwili viko wazi.